Nani Katia Wanga Kwenye Maganda ya Lozi?

Tunatangaza, kwa heshima zote na taadhima zote, wenye kofia wakivua na wenye kutafuna wakimeza, kwamba yafuatayo ni mapenzi makubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea ndani ya kuta za mji mkongwe wa Sfax tangu kuta hizo zijengwe.

Yalianzia kwenye gunia la makapi ya kulishia kondoo.

Zilikuwa zimebaki siku nne Idi ifike. Mji mzima ulikuwa ukioka, na anayeoka anataka lozi zilizomenywa, kwa hiyo kichochoro cha wauza lozi kilijaa kina mama wenye vikapu, wakisukumana kwa viwiko huku wakiombeana dua. Nyuma ya sufuria lililokuwa likifuka mvuke alisimama Skander Trigui, kijana wa miaka thelathini, shati jeupe limekunjwa mikono, aproni ya buluu, na kope ndefu ambazo ni dhuluma kumpa mwanamume. Kutwa alikuwa akichovya lozi kwenye maji ya moto na kuzibinya kati ya vidole, zikiruka nyeupe upande huu, maganda yao ya kahawia yakibaki upande ule. Uso wake ulikuwa wa miaka thelathini. Vidole vyake, kwa ajili ya maji, vilikuwa vya bibi wa miaka tisini.

Mbele yake akatokea msichana mwenye koti la kijani na skafu ya rangi ya chungwa, miwani yake imefunikwa na mvuke kiasi kwamba alikuwa akizungumza na sufuria.

"Samahani, kaka."

"Dada, foleni inaanzia kule kwa muuza vitana."

"Mimi sitaki lozi."

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Mtu asiyetaka lozi siku nne kabla ya Idi, ama amefiwa, ama ana lake jambo.

"Basi umekuja kunisalimu?"

"Nataka maganda. Hayo ya kahawia unayoyatupa."

"Siyatupi. Yana wenyewe. Ni chakula cha kondoo wa mzee Hedi."

"Mwambie mzee Hedi kondoo wake wafunge. Ni Ramadhani."

Kina mama wakacheka. Mmoja akamgusa Skander mkono. "Mpe, mwanangu. Huwezi kujua nyumbani kwao kukoje."

Msichana akawa mwekundu kuliko skafu yake. Alivua miwani, akaifuta, na Skander akaona macho yake kwa mara ya kwanza. Akasahau lozi kwenye maji hadi zikaiva kabisa, jambo ambalo halijawahi kumpata mtu wa ukoo wa Trigui.

"Naitwa Yosra. Nasomea udaktari wa sayansi hapo chuoni. Kwenye hayo maganda kuna polisakaridi."

"Kuna nani?"

"Ni sukari, ila zimeshikana mikono maelfu kwa maelfu, kama wanafunzi wa bweni wakivuka barabara. Mdomoni hazina utamu. Lakini ukizitoa vizuri, zinashikilia jamu isimwagike, zinazuia aiskrimu isijitenge, unaweza hata kulivika tunda lisioze upesi."

Skander akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo babu yangu, baba yangu na mimi, miaka yote hii, tumekuwa tukiwalisha kondoo aiskrimu."

Akamjazia gunia, akakataa malipo, akaomba namba ya simu.

"Ya nini?" Yosra akauliza.

"Nikuarifu maganda yakipatikana."

"Yanapatikana lini?"

"Kila siku."

"Kwa hiyo utapiga kila siku?"

"Kazi ni kazi, dada."

Akapiga jioni ile ile, supu ya shorba ikiwa bado mezani.

"Haloo? Maganda yanakusalimu."

"Yanasemaje?"

"Yanauliza kama umefuturu."

"Yaambie nimefuturu. Na yaache kupiga simu watu wakiwa wanakula, mama ananitazama."

"Yanasema mama asalimiwe pia."

Mapenzi yakaenda hivyo, kwa magunia. Baada ya Idi, Skander alialikwa maabara kuona mali yake inavyofanywa. Yosra alikuwa amevaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni na amefunga nywele kwa mpira wa kufungia mifuko. Alimwonyesha maganda yaliyokaushwa na kusagwa. Akamwonyesha yanavyochemshwa polepole saa tatu, yanavyochujwa, maji yakatoka ya rangi ya chai. Kisha akaleta spiriti, sehemu tatu kwa moja ya chai ile, akaimimina kwa mkono usiotikisika.

Ndani ya chupa yakazaliwa mawingu. Meupe, marefu, yakizunguka na kushuka taratibu.

"Kama shela la bi harusi," Skander akasema.

Yosra akarudi kuandika. Ila kwenye daftari lake siku hiyo, halijoto imeandikwa mara mbili.

"Na kwa gramu mia za maganda unapata ngapi?"

"Nikikausha, karibu nne."

"Nne tu? Kondoo walipata zaidi." Akainama karibu na chupa. "Zikiwa nyingi ndiyo vizuri?"

"Zikiwa nyingi, namaliza mapema. Nikimaliza mapema..."

"Sema tu, ini langu. Hapa tupo mimi na mawingu."

"Nikimaliza mapema, mama yako anaweza kuja nyumbani kunywa chai."

Mpaka mwezi wa sita mambo yalikwishapangwa. Ijumaa ya kwanza ya Agosti, Bi Zohra, mama yake Skander, angekuja na jamaa zake nyumbani kwa kina Yosra, Fatiha isomwe, wawe wachumba mbele ya watu. Kabla ya hapo kulikuwa na jambo moja tu: Yosra arudie kazi yake mara ya mwisho, apate gramu nne zilezile, profesa wake atie sahihi.

Kwa bahati mbaya, tanuri la kukaushia la maabara likaharibika. Mwezi ni wa saba, jua la Sfax linaweza kukausha hata aibu, kwa hiyo Yosra akapeleka nusu ya gunia nyumbani, akayatandaza maganda juu ya paa, kwenye shuka safi. Kwenye shuka la pembeni, mama yake, Bi Najet, alikuwa ameanika akiba ya mwaka ya kuskusi, vile vichembe vya ngano, maana ndio msimu wake. Kila paa mtaani lilikuwa na mashuka.

Hapa tumtaje Olfa, mdogo wake Yosra, wa miaka kumi na sita, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Msichana mtulivu, mwenye adabu, mpenda kusaidia. Alijitolea kuyalinda maganda yasidonolewe na njiwa, kuyaanua yakikauka, hata kuyasaga kwa ile mashine ndogo ya viungo, ili dada yake apumzike. Watu kama hao ni wachache duniani.

Yosra akapeleka unga maabara. Akachemsha, akachuja, akamimina spiriti. Mawingu yakajaa chupa hadi shingoni. Akakausha, akaweka kwenye mizani, akaondoa, akaweka tena.

"Kumi na moja!" alipiga kelele kwenye simu. "Skander, gramu kumi na moja!"

"Si nilikuambia lozi za mwaka huu dume?"

"Nitamaliza wiki hii!"

"Nimwambie mama aanze kutafuta viatu?"

"Mwambie avae kabisa!"

Profesa Fourati hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye shanga za kaharabu na tabia ya kutazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kukisema.

"Maganda yaleyale?"

"Yaleyale."

"Mti wa mlozi haubadilishi tabia kwa wiki mbili, binti yangu."

Akachukua chembe za ule unga mweupe, akaziyeyusha kwenye maji ya moto, akaacha zipoe, akadondosha tone moja la iodini.

Maji yakawa buluu nyeusi, kama wino.

"Wanga," akasema. "Mara zote zilizopita tulipima, haukuwamo. Huu ni unga wa ngano au ndugu yake. Nani anakuletea maganda?"

Kila mtu Sfax anajua ule ujanja: lozi ni ghali, semolina, ile ngano ya chenga, ni rahisi, na mwokaji asiyemwogopa Mungu huzichanganya kwenye vitamu vya harusi. Ndiyo maana kina mama wa hapa huonja kwa kufumba macho. Sasa maneno ya Skander yakaanza kurudi moja moja na kukaa kwenye viti: *Zikiwa nyingi ndiyo vizuri?* Alitaka nini kwa kuuliza vile? Na mama yake, kwa nini ana haraka ya viatu? Mtu akiogopa kusubiri, hawezi kuongeza kikombe kimoja, viwili?

Akaenda dukani Jumanne, saa nne asubuhi, amevaa gauni la kitani alilolipenda Skander. Skander mwenyewe alikuwa na kishada cha asumini nyuma ya sikio, kama wanaume wote wa mji mwezi ule, na akamwona kutoka mbali, akatabasamu. Yosra hakuona tabasamu. Aliona vumbi la rangi ya maziwa kwenye mkono wa shati lake. Akaangalia chini ya meza. Gunia la semolina, limefunguliwa.

"Nikuulize kitu, usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika. Uliza, ini langu."

"Uliongeza kitu kwenye maganda?"

Mkono wa Skander ukasimama ndani ya lozi. "Kitu gani?"

"Semolina. Kidogo. Labda ulidhani unanisaidia..."

"Yosra, punguza sauti."

"Kwa nini nipunguze, kama hakuna kitu?"

"Kwa sababu huyo nyuma yako anauza lozi, na yule mbele yake anauza lozi, na babu yangu alikaa hapa miaka hamsini bila mtu kumtamkia neno ulilolitamka sasa hivi."

"Na hilo gunia?"

"La mama. La kuskusi. Nilikuwa nampimia. Huu mwezi wa saba, Yosra! Nionyeshe nyumba moja Sfax isiyo na semolina!"

"Mama yako hana jiko?"

"Ana jiko. Hana mgongo wa kubeba." Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Ungeniambia nimeua mtu, ningekuuliza ni nani. Lakini kuniambia mimi nachanganya? Sawa. Na mimi nina swali. Ulinipenda mimi, au maganda? Maana tangu Idi, kila ukija hapa unatazama gunia kwanza, mimi baadaye."

"Usigeuze maneno."

"Sijageuza. Nimeuliza tu, kama wewe."

"Skander..."

"Hiyo Ijumaa ya Agosti simleti mama yangu kwenye nyumba inayotuona wezi. Karibu lozi, dada. Foleni inaanzia kule."

Hakupiga simu jioni ile, wala kesho yake. Yosra aliiweka simu kwenye droo, akaitoa, akairudisha. Alikuwa na uhakika, na uhakika wake haukumpa usingizi wala hamu ya kula. Akawa anamshuku kila mtu: muuza samaki kwa mizani yake, fundi wa tanuri kwa bei yake. Bi Najet akauliza kama maharusi wamegombana. Akajibiwa kwamba maharusi wana kazi nyingi. Olfa, siku hizo zote, alikuwa akisoma vitabu. Aliosha vyombo bila kutumwa. Mama yake alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Siku ya nane, Profesa Fourati akamkuta Yosra amekaa mbele ya chupa tupu.

"Gunia la huyo kijana ulilipima?"

"Lipi?"

"Lililobaki hapa. Nusu ya pili. Si lilikuja moja kwa moja kutoka dukani kwake?"

Yosra akafungua daftari lake, akalifunga.

"Hukulipima gunia," akasema profesa. "Ulimpima yeye. Na kwa macho."

Gunia lilikuwa kwenye kona, fundo la Skander bado liko kwenye kamba. Yosra akalifungua, akachukua kiganja kutoka juu, kutoka katikati, kutoka chini kabisa. Akachemsha, akapoza, akadondosha. Njano. Njano. Njano, ya tatu kama ya kwanza. Hakuna buluu hata ya kutafuta kwa tochi.

Akakaa sakafuni na koti lake jeupe. Gunia moja, nusu mbili. Nusu iliyobaki ni safi. Nusu chafu ilipita sehemu moja tu kabla ya kufika hapa, na sehemu hiyo alikuwa akiishi yeye.

Alifika nyumbani na chupa ya iodini mkononi kama polisi na pingu. Hakusalimu. Alipanda hadi jikoni, akaichukua ile mashine ya viungo, ambayo, mbali na maganda, tangu inunuliwe imesaga bizari na pilipili kavu tu. Akaigeuza, akadondosha tone chini ya kisu, mahali ambapo mtu anayeosha haraka hafiki.

Buluu nyeusi.

"OLFAAA!"

Msichana mtulivu, mwenye adabu, alikuwa tayari ngazini, amevaa kiatu kimoja.

Hatutasimulia safari ya kutoka pale hadi mji mkongwe, isipokuwa kwamba ilifanywa kwa miguu, chini ya jua la saa kumi, na kwamba mmoja wa wasafiri alishikwa sikio kuanzia mlangoni mwa nyumba hadi mlangoni mwa duka. Watu waliuliza. Yosra aliwajibu wote: "Ni mambo ya sayansi."

Skander aliwaona. Uso haukubadilika.

"Dada, foleni..."

"Naijua inapoanzia." Yosra alikuwa anahema, skafu imeteleza, miwani imepinda. "Nimekuja kusema mbele ya foleni. Gunia lako nimelipima juu, katikati na chini. Ni safi. Nilikosea. Nilikushuku nikiwa na chupa ya kupimia mfukoni, na sikuitumia. Siombi Ijumaa. Naomba tu watu hawa wasikie kwamba lozi za Trigui ni lozi."

Foleni ikasikia. Ilikuwa imeacha kununua muda mrefu.

Skander akamenya lozi mbili. Kisha, bila kumtazama: "Basi wanga ulitoka wapi?"

Yosra akamsukuma Olfa mbele. "Mwambie."

"Kuskusi ilimwagika," Olfa akaliambia gunia.

"Kuskusi haimwagiki yenyewe. Mwambie ilimwagikaje."

"Nilikuwa... nimevaa shuka."

"Mwonyeshe."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Mama mmoja wa foleni, kwa ukarimu usioombwa, akavua shela lake jeupe akamkabidhi. Olfa akajitanda. Akatazama juu, akatazama chini, kisha, kwa kuwa jambo likishaharibika halina haja ya kufanywa nusunusu, akashika kiuno kwa mkono mmoja, akainua kidevu, akatembea kwa hatua za bata mwenye mali, akinusa hewa. "Ndiyo hii nyumba? *Hii?* Haya. Chai iko wapi? Na mbona binti ana miwani, haoni bahati aliyoipata?" Akazunguka kwa madaha. "Hapo nilipozunguka, shuka likavuta kuskusi iliyoanikwa, ikamwagikia maganda. Nikaogopa mama. Nikazoa vyote pamoja, nikasaga."

Hakuna aliyecheka. Olfa, ambaye kwa kawaida hupata vicheko, akageuka kuona kuna nini.

Bi Zohra alikuwa amesimama nyuma yake, amekuja kuulizia semolina yake. Shela jeupe, kidevu juu.

Kichochoro kizima kikasikia sufuria likichemka.

"Mkono," akasema Bi Zohra.

"Naam, mama?"

"Mimi hushika kiuno kwa mikono miwili. Wewe umeshika kwa mmoja. Ukimwiga mtu, mwige vizuri." Kisha kitu kikaanza kutikisika chini ya lile shela, tumboni kwanza, kikapanda mabegani, na Bi Zohra akacheka hadi akatafuta mahali pa kuegemea, na foleni nzima ikamfuata kama kwaya.

Skander alijitahidi. Kope zile zilishuka, mdomo ukabana, haukuweza. Akachukua asumini kutoka nyuma ya sikio lake, akamwekea Yosra juu ya miwani iliyopinda.

"Hujanijibu," akasema polepole. "Mimi, au maganda?"

"Kwa siku nane nilikaa na nusu ya gunia la maganda kwenye kona," akasema Yosra. "Sikulitazama hata mara moja. Nilikuwa naitazama simu."

"Mama," Skander akasema bila kugeuka, "Ijumaa una safari?"

"Nilishanunua viatu," akajibu Bi Zohra.

Hadithi yetu ingekoma hapo, kwa shangwe, ila Skander alitoa sharti moja: kisa chote kiandikwe, kisomwe siku ya Fatiha mbele ya wageni, na mwandishi awe yule aliyekisababisha. Yosra amesimama nyuma ya kiti hiki. Amesoma hadi pale palipoandikwa "msichana mtulivu, mwenye adabu, mpenda kusaidia", akanigusa bega na kusema, "Andika ukweli, Olfa."

Haya. Olfa ni mimi. Kuskusi niliimwaga mimi, wanga niliutia mimi, na nilipojitolea kusaga haikuwa kumpumzisha dada bali kuficha ushahidi. Hayo nyote mmekwishayajua, na mmecheka. Jambo msilolijua ni kwamba chumba changu kimepakana na chake. Kila mchana wa zile siku nane, nyumba ikilala kwa sababu ya joto, nilimsikia akilia kwa kuuma mto ili mama asisikie. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, lingekwisha kwa dakika moja. Nikageukia ukuta wa pili, nikafungua kitabu, na sikusoma hata ukurasa.